PRAW inagota kwenye machapisho 1000

Mkuu, unauliza kwa nini skripti yako ya Python inayovuta machapisho ya r/Kenya (jukwaa la Kenya kwenye Reddit) kwa PRAW, maktaba ya Python ya kuzungumza na Reddit, inagota kwenye 1000 hivi, ingawa umeandika limit=None. Kosa si lako. None hapo ni kusema tu "nipe kadiri unavyoruhusu", na Reddit wenyewe ndio walioweka ukomo wa takriban 1000 kwa kila orodha. Ukivuta orodha ya new (mapya), kisha top (yenye kura nyingi), kisha hot (yanayovuma), utaongeza kidogo. Machapisho yanajirudia sana, kwa hiyo hifadhi kwa id, yaani kitambulisho cha kila chapisho, yasiingie mara mbili.

Kwa utafiti wa miezi kadhaa kama wako, mimi ningeanza kukusanya leo. Iache subreddit.stream.submissions(), inayoleta machapisho mapya yanapotoka, iendelee kukimbia, kila chapisho jipya liingie SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja). Ukiiwasha huanza na yale 100 ya karibuni; usipoyataka, weka skip_existing=True. Mimi huyaacha. Umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili, hayo ndiyo huziba pengo.

Hizo time.sleep (amri za kusubiri) ulizojaza kila mahali zitoe, PRAW inajipunguzia kasi yenyewe.

Halafu ile client_secret (nywila ya programu yako kwa Reddit) uliyoibandika pamoja na msimbo wako! Tengeneza nyingine sasa hivi, kabla hujagusa kitu kingine.