Aisha, Asha au Ayesha? Shika herufi kwanza, cheti baadaye

Ujumbe wa safari hii umetoka kwa baba mtarajiwa. Mkewe anataka binti yao aitwe Aisha. Bibi wa mtoto anashikilia kwamba jina ni Asha, hayo mengine ni madoido. Mtandaoni nako wamekuta Ayesha, Aysha, Aïcha. Anauliza kama yote hayo ni jina moja, na kama kweli maana yake ni "maisha".

Kwa swali la kwanza, ndiyo, ni jina moja. Kwa la pili, hapana, na hapo ndipo tovuti za majina zinapowapoteza watu. Zinaandika bila haya kwamba Aisha "kwa Kiswahili" ni maisha, wakati wewe unayesoma hapa unajua maisha tunayaitaje. Zinazosema ni "mwanamke kamili" zimejitungia.

Aisha ni mwenye kuishi, aliye hai. Kwa Kiarabu huandikwa عائشة, na shina lake ni herufi tatu: ain, yaa, shini. Kitenzi ni asha, yaishu, yaani kuishi, na ndiko sisi tulikotoa ishi na maisha. Kwa hiyo undugu upo, ila Aisha ni ism faail, jina la mtendaji, lenye taa marbuta (ة), herufi ya kike, mwishoni. Kamusi za kale zinamwita pia hivyo mtu ambaye hali yake ni nzuri, ndiyo maana wanaosema "mwenye neema" hawakuokota barabarani.

Aliyepita madrasa atauliza hamza ya katikati, ile ء ya kukata sauti, imetoka wapi wakati shina lina yaa. Vitenzi vya namna hii, vyenye herufi dhaifu (waw au yaa) katikati, vikiingizwa katika umbo la faail hugeuza herufi hiyo kuwa hamza. Qala huzaa qaail, baa huzaa baai, na asha huzaa aaish. Kisha watu wakalainisha ulimi: katika lahaja nyingi hamza hurudi kuwa yaa, ikapatikana عايشة, na ukienda mbele zaidi irabu zinamezana, ikapatikana عيشة. Esha na Mwanaesha za kwetu zimekaa karibu na hiyo ya mwisho. Asha imedondosha hamza na irabu yake pamoja. Kwa hiyo bibi hajakosea, wala mkwewe hajaleta madoido. Kila mmoja ameshika jina kwenye kituo chake.

Kuhusu asili: jina hili lilikuwapo Uarabuni kabla ya Uislamu, katika familia moja na Umar, Amir, Khalid na Yaish, majina yanayomtakia mtoto umri na kubaki. Lakini tusidanganyane, halikuenea duniani kwa sababu ya shina lake. Limeenea kwa sababu ya mtu mmoja, Aisha bint Abi Bakr, mke wa Mtume, aliyefariki Madina mwaka 58 Hijria, sawa na 678 Miladia. Wanazuoni wa Hadithi wanahesabu mapokezi yake kuwa 2,210. Alikuwa mwalimu, watu wazima walimwendea kuuliza mirathi na ibada, na kuniya yake, jina la heshima la "mama wa fulani", ilikuwa Umm Abdillah, kwa mwana wa dada yake Asma, Abdullah bin Zubeir, maana yeye mwenyewe hakuzaa. Anayemwita binti Aisha, awe anajua au hajui, anamfunga na jina la mwanachuoni. Na tafadhali usimwambie mtu kwamba jina "limo katika Kurani". Aya za Sura An-Nur kuanzia ya 11 zinahusu kisa chake, lakini hazimtaji. Mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika Kurani ni Maryam.

Baada yake wamekuja akina Aisha wengi wa elimu. Aisha bint Talha, binti wa mdogo wake, alipokea Hadithi kwake. Aisha al-Ba'uniyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1517, alikuwa mshairi wa kisufi. Misri ilimtoa Aisha Taymur (1840–1902), mshairi, na baadaye Aisha Abd al-Rahman (1913–1998), aliyefasiri Kurani kwa njia ya lugha na kuandika kwa lakabu ya Bint al-Shati.

Lakini umaarufu huo una mipaka yake. Mwaka 656 Bi Aisha alikuwa upande uliopigana na jeshi la Ali, imamu wa kwanza wa Washia, katika Vita vya Ngamia, karibu na Basra. Ndiyo sababu kwa Washia jina hili ni adimu, na Iran utalisikia zaidi kwa jamii za Kisunni. Ukiwa na wakwe wa upande huo, zungumzeni kabla mtoto hajazaliwa. Uturuki jirani, kinyume chake, Ayşe ni miongoni mwa majina ya wanawake yaliyojaa kabisa, pamoja na Fatma, Emine na Hatice.

Hapa kwenye maumbo ndipo watu wanapojikwaa zaidi. Afrika Magharibi utakutana na Aïssatou, Aïssata, na kwa Wahausa A'ishatu au kifupi chake, Shatu. Ile "-tu" si pambo. Ni taa marbuta iliyotamkwa kwa ukamilifu pamoja na irabu ya mwisho, Aaishatu, kama Fatimatu alivyozaa Fatoumata. Dagestan na Chechnya wana Aishat kwa njia hiyohiyo, wakabakiza t bila irabu. Wasomali huandika Caasha, na hiyo c ni ain, usiisome kama ch. Indonesia ni Aisyah, Albania Ajshe.

Sasa mtego wenyewe. Aïssa huko Afrika Magharibi huwa kifupi cha Aïssata, msichana. Aïssa huyohuyo Algeria ni mwanamume, kwa sababu pale ni Isa, عيسى, shina jingine kabisa. Herufi za Kilatini zimelingana, jina na jinsia vimeachana. Asha wa India naye ni neno la Kisanskriti lenye maana ya tumaini, hana uhusiano na Asha wetu. Isha ya sala ya usiku ina shina la ain, shini, waw. Asia, au Asiya, anayetajwa katika mapokeo kuwa mke wa Firauni, huandikwa آسية, haina ain wala shini. Tovuti hutia yote haya chungu kimoja na kukupa orodha ya maana sita. Dawa ni moja: uliza linaandikwaje kwa Kiarabu. Kama halianzi na ain, au halina shini, si Aisha.

Tahadhari hiyohiyo itumie kwenye majedwali ya "majina maarufu". Takwimu rasmi za Uingereza na za Marekani huhesabu kila tahajia peke yake. Aisha, Ayesha, Aysha, Aishah na Aisha wa kila namna wanakaa kwenye mistari mbalimbali, na jina linaonekana dogo kuliko lilivyo. Ukitaka kujua kweli, jumlisha mistari yote mwenyewe. Kulichagua au kuliacha kwa sababu ya namba yake kwenye jedwali ni kupima maji kwa pakacha.

Haya, kuandika. Anza na Kiarabu hata kama cheti hakitakuwa na Kiarabu: ain, alifu, hamza juu ya kiti cha yaa kisicho na nukta chini, shini, taa marbuta yenye nukta mbili. Makosa yanayorudiwa ni matatu: kuweka yaa kamili badala ya hamza, kuiacha hamza peke yake juu ya mstari (عاءشة), na kusahau nukta za taa marbuta ikabaki haa (عائشه). Kwa jicho la binadamu ni tofauti ndogo. Kwa kompyuta ni herufi mbili zenye misimbo tofauti, ئ ni U+0626 na ي ni U+064A, kwa hiyo ukitafuta عائشة mtu aliyesajiliwa عايشة anaweza asionekane kabisa.

Kisha chagua tahajia moja ya Kilatini kwa kufuata lugha ya ofisi itakayotunza kumbukumbu za mtoto. Kwenye Kiingereza au Kiswahili, Aisha inatosha. Kwenye Kifaransa andika Aïcha, kwa sababu ch yao ndiyo sh, na zile nukta mbili juu ya i zina kazi: bila hizo, "ai" husomwa e. Mtoto huyo akihamia kwenye Kiingereza ataitwa kwa ch ya chai, basi familia inayohamahama ifikirie hilo mapema. H ya mwisho, Aishah, ni ile taa marbuta inavyotamkwa mtu anapokomea kwenye neno hilo. Kuiweka si kosa, kuiweka leo na kuiacha kesho ndilo kosa.

Alama ya ritifaa, A'isha, ndiyo iliyo karibu zaidi na matamshi ya asili, na kwa vitabu ni nzuri. Kwenye hati iache. Ile mistari miwili ya herufi 44 chini ya ukurasa wa pasi, inayosomwa na mashine, haina ritifaa wala nukta za juu: A'isha na Aïcha hutoka AISHA na AICHA, Ayşe hutoka AYSE. Tiketi iandikwe kama mistari hiyo inavyosema.

Kama tayari cheti cha kuzaliwa kina Asha na cha shule kina Aisha, usingoje mpaka siku ya kuomba pasi. Rekebisha cha baadaye kifuate cha kuzaliwa, maana ndicho mzizi wa vingine, na pale ambapo marekebisho hayawezekani, kaape hati ya kiapo inayotaja tahajia zote mbili herufi kwa herufi kuwa ni za mtu mmoja.

Nyumbani muiteni mtakavyo. Mtume mwenyewe alimkatisha mkewe jina akamwita "ya Aaish", na wanasarufi wana istilahi ya ukatishaji huo, tarkhimu. Bibi aendelee na Asha wake.