Kabla Hujanunua Diski Mpya, Fungua Folda Zilizofichwa

Kompyuta yetu ya nyumbani hapa Donholm, Nairobi, tuliinunua Luthuli Avenue ikiwa tayari imetumika. Diski yake ni ya GB 128, ambayo Windows huionyesha kama GB 119 hivi, na tunaitumia watu watano. Mwaka jana mstari wa diski C ukageuka mwekundu. Nikahamishia picha zote kwenye flashi, nikafuta michezo ya watoto, nikamwaga pipa la taka. Haikupita wiki, mwekundu tena. Fundi niliyempelekea mjini akanitajia bei ya diski mpya na ya kuifunga, wala hakuuliza iliyopo imejazwa na nini.

Kijana wa kaka yangu, anayesomea kompyuta, ndiye aliyenifumbua macho kwa simu. "Shangazi, usilipe bado. Angalia AppData kwanza, folda ambamo programu huweka vitu vyake; Windows huificha."

Simu ikakatika, nami sikusubiri apige tena. Nikaonyesha vitu vilivyofichwa, nikaingia AppData, Local, Google, kisha Chrome, ambacho ndicho kivinjari chetu, nikakuta folda iitwayo User Data yenye karibu GB 40. Nikaifuta nzima. Windows iliniuliza kama nina hakika, maana ilikuwa kubwa mno kutoshea kwenye pipa la taka. Nikakubali.

Diski ilipumua, ndiyo. Lakini jioni binti yangu alifungua kivinjari akakuta ni kipya kabisa: nywila zake zote alizohifadhi zimekwenda, na alamisho za kurasa alizokusanya muhula mzima kwa ajili ya mradi wa chuo zimekwenda nazo. Yangu yalirudi kwa sababu nilikuwa nimeyaunganisha na akaunti. Yake hayakuwa yameunganishwa. Aliyakusanya upya kwa siku nne, na hizo siku nne ndizo zinazonifanya niandike haya.

Folda ya User Data si kache, yaani si zile nakala za muda za kurasa ambazo kivinjari huweka ili zifunguke haraka. Ni nyumba nzima, na kache ni chumba kimoja tu ndani yake. Kila mtu aliyefunguliwa wasifu wake, yaani sehemu yake binafsi, kwenye Chrome ana folda yake humo: wa kwanza huitwa Default, wanaofuata ni Profile 1, Profile 2 na kuendelea. Ndani ya kila moja kuna faili la Bookmarks, ambalo ni alamisho, na faili la Login Data, ambalo ni nywila. Hayo usiyaguse. Firefox imepanga vizuri zaidi: kache iko Local, kwenye folda ya cache2, na nywila na alamisho ziko kwenye folda tofauti ya Roaming.

Miezi miwili baadaye mstari ukawa mwekundu tena. Safari hii kijana alikuja Jumapili tukakaa naye mezani. Alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika %localappdata%, tukaingia moja kwa moja bila kuhangaika na vilivyofichwa. (Ukipenda kuviona siku zote, Windows 11 bofya View, kisha Show, kisha Hidden items, Windows 10 bofya View halafu weka tiki kwenye Hidden items.) Tukapima folda moja moja kwa kubofya kulia na kuchagua Properties. Kache yenyewe, ile ya picha na vipande vya kurasa, haikufika hata GB 1. Mzigo ulikuwa kwenye wasifu wa kijana wangu mdogo, ndani ya folda ya Service Worker: zaidi ya GB 20.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kubonyeza Ctrl, Shift na Delete na kuweka tiki kwenye picha na mafaili ya kache, njia ya kusafisha kache ndani ya Chrome, hakukuwa kukisaidia. Tovuti za siku hizi huweka vitu vyao kwenye ghala lao wenyewe, kama hiyo Service Worker, ili zifunguke hata mtandao ukipotea, na Chrome inaweza kuiruhusu tovuti moja kutumia hadi asilimia 60 ya diski yako. Ghala hilo huhesabiwa pamoja na vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huweka ili ikukumbuke), si pamoja na kache. Kwa hiyo unaweza kusafisha kache kila siku na mzigo ukabaki palepale.

Dawa yake ni kuandika chrome://settings/content/all pale juu unapoandika anwani, ukiwa ndani ya wasifu wa mhusika. Utaona kila tovuti na kiasi ilichohifadhi. Zipange kwa ukubwa. Kwetu ilikuwa tovuti moja ya video za masomo ambayo mtoto alihifadhi masomo ya muhula uliopita. Tukafuta hiyo peke yake. Ilimtoa kwenye akaunti yake ya tovuti hiyo, akaingia tena, basi. Nywila zake zote zilibaki.

Kama ni lazima ufute folda kwa mkono, funga kivinjari kabisa kwanza. Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi chinichini hata dirisha likifungwa, na Windows itakataa kufuta faili linalotumika. Angalia ikoni zilizo karibu na saa, au fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc. Ndani ya wasifu, folda za Cache na Code Cache hazina hatari; zitajijenga upya.

Na kama unatumia bando za simu, usisafishe ovyo. Kurasa zote zitapakuliwa upya na wewe ndiye utakayelipia. Ukurasa mmoja ukikwama kuonyesha mambo ya zamani, Ctrl na F5 inatosha.

Jioni ile ile, kabla kijana hajaondoka, tuliunganisha wasifu wa binti yangu na akaunti yake, tukahakikisha nywila na alamisho zimo. Binti mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye kiti.