Uvimbe Kwenye Ovari: Soma Ripoti Kabla ya Kukubali Kisu

SWALI: Nina miaka 29, sijazaa. Altrasaundi imeonyesha uvimbe maji wa sentimita 4.5 kwenye ovari ya kulia. Nimeandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango vya miezi mitatu ili uyeyuke, ukikataa, nipasuliwe. Nikubali?

JIBU: Usikimbilie. Kila mwezi ovari hutengeneza kifuko cha maji chenye yai ndani. Kikifika kama sentimita 2 hupasuka, yai likatoka. Kisipopasuka huendelea kujaa, na huo ndio uvimbe unaopatikana zaidi kwa mwanamke anayepata hedhi. Mara nyingi hunywea wenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu. Vidonge haviuyeyushi; huzuia tu mayai mengine yasikomae. Mgonjwa anameza, uvimbe unanywea kwa wakati wake, sifa zinakwenda kwa vidonge.

Ukubwa peke yake haukwambii mengi. Soma ripoti inavyoeleza ndani. Je, ukuta ni mwembamba na maji ni matupu, hakuna kuta za kati wala nyama? Kama ndivyo, kwa umri wako uvimbe usiofika sentimita 5 kwa kawaida haudai hata kipimo cha kurudia. Wa sentimita 5 hadi 7 hupimwa kila mwaka. Ukizidi 7, altrasaundi huenda isiuone wote, hivyo huhitajika MRI (picha ya sumaku) au mazungumzo ya upasuaji. Ukitaka kurudia kwa utulivu wa moyo, ngoja wiki 8 hadi 12 na upime siku chache baada ya hedhi kwisha. Ukipima katikati ya mzunguko, kifuko kipya cha yai kinaweza kuhesabiwa kuwa uvimbe mwingine. Kipimo cha kupitia ukeni huona vizuri zaidi, nacho hufanywa kibofu kikiwa kitupu.

Ipo miwili isiyonywea kwa kungoja. Dermoidi huwa na mafuta, nywele, pengine hata meno. Endometrioma hujaa damu ya zamani, nzito kama chokoleti, na mara nyingi mwenye nayo huumia sana wakati wa hedhi. Ukipasuliwa endometrioma, sehemu ya akiba ya mayai inaweza kuondoka nayo. Kwa ambaye hajazaa, kipimo cha damu cha AMH, kinachokadiria akiba hiyo, kifanyike kwanza. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, hakikisha imeandikwa kama ni kutoa uvimbe tu au ovari nzima. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kunyonya maji kwa sindano nako hakudumu, kwa kuwa kifuko kinabaki na mara nyingi hujaa tena.

Likikupata ghafla jambo hili, usingoje kupambazuke: maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini, pamoja na kutapika. Huenda ovari imejisokota na damu haiifikii. Ikinyooshwa mapema, hata iliyokwisha kuwa nyeusi mara nyingi huokolewa.

SWALI: Mama yangu ana miaka 61. Uvimbe wake ni sentimita 6, una vyumba vyumba, na CA-125, kipimo cha damu cha kutafuta dalili za saratani ya ovari, ni 48. Tumeambiwa kawaida ni chini ya 35. Ni saratani?

JIBU: Namba hiyo peke yake haithibitishi saratani. CA-125 hupandishwa pia na fibroidi, maambukizi ya nyonga na kifua kikuu cha tumbo. Tena, karibu nusu ya saratani za ovari za hatua ya kwanza haziipandishi.

Kwa aliyekoma hedhi, madaktari huzidisha namba tatu: alama ya altrasaundi, alama ya kukoma hedhi (3) na CA-125. Altrasaundi hutazama dalili tano: vyumba vingi, sehemu ngumu, uvimbe pande zote mbili, maji tumboni, na dalili za kuenea. Dalili moja ni alama 1. Mbili au zaidi ni 3. Kama mama ana vyumba tu, ni 1 × 3 × 48, yaani 144. Ikionekana na sehemu ngumu, inaruka hadi 432. Kuanzia 200, apelekwe kwa bingwa wa saratani za uzazi kabla ya mtu yeyote kumpasua.

Chini ya hapo, upasuaji wa matundu madogo unaweza kutosha, na kwa umri wake kwa kawaida hutolewa ovari zote mbili pamoja na mirija. Muulizeni daktari kama uvimbe utatolewa mzima ndani ya mfuko maalumu. Ukipasukia tumboni na baadaye ukakutwa una saratani, hatua ya ugonjwa hupanda.