Gemu za risasi zinamharibu mwanangu?

SWALI: Kijana wangu ana miaka 13, yupo darasa la saba. Akitoka shule anapitia banda la gemu huku kwetu Ngamiani, anacheza zile za kupiga watu risasi na kuiba magari. Juzi kamkaba mdogo wake shingo, wanagombea rimoti. Baba yake anasema ni gemu hizo, zimeshamwingia kichwani. Ni kweli?
Mama wawili, Tanga

JIBU: Pole, Mama wawili. Baba watoto ana kila sababu ya kushtuka, ila nadhani kamshika asiye mwizi. Gemu za namna hiyo zinaweza kumwongezea kijana ukali kidogo. Kumgeuza katili ni jambo jingine, na ushahidi wake hautoshi.

Mwaka 2015 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka kwamba gemu za ukatili zinahusiana na ukali. Mwaka 2020 chenyewe kikafafanua: uhusiano upo ila ni mdogo, unahusu mambo kama kufokeana na kusukumana, na ushahidi hautoshi kuzihusisha na uhalifu mkubwa. Watu wengi wameshika lile tamko la kwanza, la pili halikuwafikia.

Na huo ukali unapimwaje? Huwezi kuwapa watoto visu ukakaa kuangalia. Kipimo kimoja maarufu ni cha pilipili. Mtu anacheza gemu kwa muda mfupi, kisha anaambiwa amtilie mwenzake pilipili ya kula, huku akijua kabisa kwamba mwenzake haipendi. Mtafiti anaipima kwenye mizani. Ikizidi, inaandikwa ukali umepanda. (Kwa mizani hiyo wauza mihogo wetu wote wangeitwa majambazi.) Kipimo hicho kinaonyesha joto la dakika zile. Hakisemi mtoto atafanya nini wiki ijayo.

Waliotazama zaidi ya dakika hizo wamepata majibu yanayotofautiana. Ujerumani, watu wazima walicheza GTA V, gemu ya kuiba magari na kupiga risasi, kila siku kwa miezi miwili. Matokeo yaliyotoka 2018 hayakuonyesha ukali kuongezeka. Uingereza mwaka 2019, watafiti wa Oxford waliangalia vijana wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, tabia zao wakawauliza wazazi, nako hawakuona uhusiano. Lakini mwaka 2018 huohuo uchambuzi wa tafiti 24, zenye washiriki zaidi ya 17,000, uliona ongezeko dogo la kupigana. Ndiyo maana nimekuambia "kidogo", sikusema "hakuna".

Sasa nikupeleke bandani. Niliwahi kukaa kwenye benchi la mojawapo mchana kutwa. Aliyekuwa anapiga risasi alikuwa kimya, mdomo wazi, kama anasikiliza hadithi. Ugomvi ulizuka kwenye gemu ya mpira! Dogo mmoja kafungwa dakika ya mwisho, kitufe cha pedi kinanata, hela imeisha, wenzake wanamcheka. Akaitupa pedi, akamsukuma aliyemfunga. Damu kwenye skrini haikuwepo hata tone. Kuna majaribio yaliyochapishwa 2014 yanayoeleza jambo hilohilo: gemu inayomshinda mchezaji humpandisha hasira hata kama haina ukatili wowote.

Kwa hiyo mimi ningeanza na siku yenyewe ya kukabana. Alikula mchana, au hela ya chakula iliishia bandani? Usiku alilala saa ngapi? Na uniwie radhi kwa hili: nyumbani kwenu watu wazima wakikasirika huwa wanafanyaje?

Gemu ya kuiba magari mwondolee hata hivyo. GTA V Ulaya imewekewa miaka 18, na mambo yaliyomo si ya darasa la saba, awe mkali au mpole. Nenda mwenyewe ukaongee na mwenye banda, kwa upole. Mteja mdogo ambaye mama yake anajulikana huangaliwa kwa jicho jingine. Gemu ya mpira acheze, wikiendi, na Magharibi imkute nyumbani. Akirudia kukaba, au akiumiza wengine bila kuonyesha majuto, mpeleke hospitali uulizie mtaalamu wa afya ya akili, usingoje mitihani iishe.

Leo jioni, kabla hamjamgusia rimoti wala mdogo wake, muulize tu: siku ile bandani, ulifungwa ngapi?