Mahabusu ananiomba nimdhamini, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, naishi Kinyerezi. Mimi na akina mama wenzangu wa jumuiya huwa tunakwenda gereza la Segerea, upande wa wanawake. Tunapeleka sabuni, pedi na dawa za meno, tunasali nao. Kuna binti mmoja mahabusu, alikuwa dada wa kazi, kashtakiwa kumwibia bosi wake pesa. Dhamana iko wazi, ila ndugu zake wako Singida na hakuna aliyejitokeza. Ameniomba nimdhamini, na ameomba namba yangu ya simu. Nikimtazama namwona mdogo wangu. Mume wangu kasema nikisaini nisirudi nyumbani, na wenzangu wanasema nimejipendekeza. Usingizi sipati. – Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Usisaini.

Nimetanguliza jibu usije ukasoma barua yote roho juu. Sasa tulia nikueleze, maana sitaki uondoke ukidhani Shangazi kaungana na mumeo tu.

Ukisimama kizimbani kumdhamini mtu, unaiambia mahakama kwamba unajua anakoishi na siku ya kesi utamleta. Ndiyo maana wanakudai kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, kisha unasaini bondi ya pesa ambazo pengine hujawahi kuzishika. Mshtakiwa asipoonekana unaitwa wewe. Utadaiwa kiasi ulichosaini, ukishindwa mali zako zinaweza kukamatwa, na unaweza kujikuta ndani, upande uleule unaopeleka sabuni.

Hebu jiulize: akitoka leo saa kumi jioni, analala wapi? Kwa bosi aliyemshtaki harudi. Kwako mwenye nyumba mwenzio kagoma. Atatafuta basi la Singida, na tarehe ya kesi ikifika hana nauli ya kurudi. Tayari amekiuka dhamana bila hata kukusudia kukimbia. Simsemi vibaya binti wa watu, na kama aliiba au hakuiba si kazi yangu wala yako, hakimu yupo. Ila hujui kwao, hujui mama yake, unamjua kwa nusu saa za siku ya kutembelea.

Ila kumwacha hivihivi, hapana. Anachokosa ni ndugu mwenye taarifa. Wengi mle simu zao zilibaki polisi, na namba hawazikumbuki kichwani. Wewe usimuulize namba. Muulize kijiji, kitongoji, jina la mwenyekiti, mama yake anasali wapi, shule aliyosoma, nani kijijini ana duka. Ukipata jina la kijiji na la mwenyekiti, mtendaji wa kata atapatikana, na kwa mtendaji mama mtu hayuko mbali. Mweleze na afisa ustawi wa gereza, asione mnazunguka nyuma yake.

La pili, mwanasheria. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayotambua wasaidizi wa kisheria na kutaka Polisi na Magereza waweke utaratibu wa walioko ndani kuupata msaada huo. Nenda TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ukiwa na jina lake, namba ya kesi na jina la mahakama. Masharti ya dhamana yakiwa mazito kwa mtu wa hali yake, hakimu anaweza kuombwa ayalegeze. Wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Halafu nenda siku kesi yake inapotajwa. Aliye mahabusu kesi yake haiahirishwi zaidi ya siku 15 kwa mara moja, kwa hiyo karandinga litamleta tu. Kaa kwenye benchi, akuone. Usipige kelele wala usimfuate askari na bahasha.

Namba ya simu usimpe. Leo ataomba salamu, kesho umtumie fulani hela, keshokutwa ubebe kikaratasi kwenye sidiria. Kikaratasi cha kupenyeza ni kosa, na kikikamatwa getini mlango unafungwa kwa kikundi kizima. Barua ipo, aandike, ipite ofisini kama za wenzake.

Mumeo kasema kwa ukali, lakini bondi ingeigusa nyumba yake pia, ana haki ya kuuliza. Mwambie hutasaini, uone kama hatakuruhusu mahakamani. Hao wenzako wa “umejipendekeza” nisamehe, nawafahamu: fulana zimechapishwa jina, picha getini na maboksi ya sabuni, hadi mwakani. Wape kazi. Nauli ya mama mmoja kutoka Singida kwenda na kurudi, mkichanga wote, ni pesa ndogo kuliko fulana hizo.

Ziara ijayo mwambie binti bila kuzunguka: sikudhamini, ila namtafuta mama yako. Anaweza kulia au kununa. Usimwongezee ahadi nyingine ili anyamaze.

Na mweka hazina wa kikundi muone kabla ya Jumapili, maana sadaka ikishapangiwa sherehe hamtaipata tena.