Maswali ya wasomaji: Geko chui anayekonda mkia

Barua za awamu hii zinafanana: geko chui, yule mjusi mdogo wa kufugwa anayeweka akiba ya mafuta mkiani, kakonda, mwenyewe anataka kujua ampe nini anenepe. Majibu yetu yataanzia mbali kidogo na sahani ya chakula. Geko chui hakondi kwa sababu ya kukosa funza wanono. Mara nyingi anakonda kwa sababu ya baridi, ugonjwa, au bughudha ya mwenzake.

SWALI: Geko wangu ni jike wa miaka miwili. Alikuwa na gramu 52, sasa mizani inasoma 34. Mkia umekuwa mwembamba kama penseli na mifupa ya nyonga imetokeza. Nampa funza wa unga kumi kwa wiki, nikiwatoa moja kwa moja kwenye friji. Kipimajoto cha kubandika ukutani mwa tangi kinaonyesha nyuzi 27. Nimwongezee chakula gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kutoka 52 hadi 34 ni zaidi ya theluthi ya uzito wake. Geko mzima aliyekomaa huwa kati ya gramu 45 na 80 kulingana na umbo lake, na akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito bila sababu inayoeleweka ni wakati wa kumwona daktari wa wanyama, hasa anayewajua watambaazi. Wako kapita hapo mara tatu. Weka miadi leo. Yafuatayo ni ya kufanya wakati unasubiri, na baada ya hapo pia.

Anza na joto. Hicho kipimajoto cha ukutani kinapima hewa na kioo, ilhali geko chui husaga chakula kwa joto linalopanda kutoka sakafuni hadi tumboni. Nunua kipimajoto chenye waya na kichwa cha kupimia, ukilaze kichwa hicho sakafuni ndani ya pango la upande wa joto, pale hasa anapolalia tumbo. Panatakiwa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi. Upande wa pili wa tangi uwe 24 hadi 26, ili apate pa kukimbilia akishiba joto. Sakafu ikiwa nyuzi 26 au 27, chakula hukaa tumboni bila kusagika, hamu ya kula hupotea, na akilazimishwa hutapika. Kwa hiyo kumwongezea funza kabla ya kurekebisha joto ni kumwongezea mzigo.

Kama unatumia pedi ya joto, ifunike takriban theluthi moja ya sakafu, na iunganishwe na thamostati, kifaa cha kuizima na kuiwasha ili joto lisizidi. Hili halina mjadala. Pedi isiyodhibitiwa inaweza kupita nyuzi 40, na geko huchelewa kuhisi joto linalomuunguza tumbo. Kichwa cha thamostati kikae juu ya pedi, mahali ambapo geko hawezi kukisogeza. Kikichomoka kikaangukia upande wa baridi, thamostati itadhani tangi lote ni baridi na kuwasha pedi bila kukoma.

Baada ya joto, maji. Mvute ngozi ya ubavuni taratibu: ikibaki na mkunjo badala ya kurudi mara moja, au macho yakiwa yamedidimia na mate yakinata mdomoni, mwili umekauka. Weka kibakuli cha maji safi kila siku. Pia unaweza kumloweka kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 30, kina kisichozidi viwiko vyake, kwa dakika 10 hadi 15, ukiwa umesimama hapo hapo. Mkaushe kisha mrudishe upande wa joto. Geko aliyekauka asilishwe mlo mzito kabla hajapata maji.

Tangi likishakaa kwenye joto sahihi siku mbili au tatu, ndipo chakula. Wengi huharibu hapa kwa huruma: mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu anajaziwa wadudu ishirini usiku mmoja. Utumbo uliolala hauwezi kazi hiyo, na mlo mkubwa wa ghafla huvuruga madini ya damu kiasi cha kuweza kumuua. Wiki ya kwanza mpe wadudu wadogo wawili au watatu kila jioni. Akiwa hatapiki na anapata choo, panda hadi wanne, kisha sita. Geko mzima mwenye afya hulishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Huyu wako atakula kila siku hadi mkia urudi, halafu utapunguza. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya geko.

Sasa hao funza wa friji. Funza wa unga kwenye baridi hulala na hawali, kwa hiyo matumbo yao hayana kitu. Unampa geko ganda na maji. Watoe saa 24 hadi 48 kabla ya kuwalisha, wakae joto la kawaida la chumba, wape pumba, karoti, boga na majani mabichi. Alichokula mdudu ndicho geko atakachokipata. Tena usimtegemeze funza wa unga peke yake: changanya na nyenje, mende wa dubia, viwavi wa hariri au funza wa nzi askari mweusi. Hao wa mwisho wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine wa kulishia, na kwa geko aliyekonda ni neema.

Wadudu wengine wote wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Watie kwenye mfuko wa plastiki na unga kidogo wa kalsiamu, tikisa mpaka wapake weupe mwepesi, kisha walishe papo hapo kabla hawajajisafisha. Kama tangi halina taa ya UVB (yenye miale kama ya jua, inayosaidia mwili kutengeneza vitamini D3), tumia kalsiamu yenye vitamini D3 kwa kipimo cha kwenye kopo. Vitamini mchanganyiko mara moja kwa wiki inatosha. Kuzidisha D3 na vitamini A ni sumu. Lisha jioni mwanga unapofifia, kwa kuwa ndio wakati wake wa kuwinda, na nyenje waliobaki watoe kabla hujalala. Nyenje mwenye njaa humtafuna geko dhaifu vidole na mkia.

Mizani: tumia ya jikoni ya kidijitali, na ikisoma hadi sehemu ya kumi ya gramu ni bora zaidi. Weka kikopo cha plastiki juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, mwingize geko. Siku ile ile kila wiki, saa ile ile, kabla ya kula. Ukimpima kila siku utajitia wazimu, maana choo kimoja tu chaweza kuondoa gramu nzima. Mwenendo wa wiki nne ndio wenye maana. Gramu moja au mbili kwa wiki ni kasi nzuri. Upande wa chini wa mkia, karibu na kiungo cha miguu ya nyuma, ndio utakaoanza kujaa. Unapomhamisha usimshike mkia hata kidogo. Akiudondosha, amepoteza akiba yote mara moja, na utakaoota upya huwa mnene na mfupi hata kwa geko mwenye njaa, kwa hiyo hautakuambia ukweli tena.

SWALI: Wangu anakula kila kitu ninachompa, joto liko sawa kwa kipimajoto cha sakafuni, lakini mkia unazidi kuisha. Choo ni majimaji, kinanuka, na wakati mwingine naona nyenje mzima ndani yake. Dawa ya minyoo ya mbwa inafaa?

JIBU: Hapana, usimpe. Mnyama wa gramu 40 akizidishiwa tone moja amepata mara kadhaa ya kipimo chake. Tena hujui bado ni nini unachokitibu.

Choo cha geko mzima ni kijiti cha kahawia kilichoshikana, kando yake kikiwa na kidonge cheupe, ambacho ndicho mkojo wake. Kidonge kikiwa cha njano na kigumu, mara nyingi ni maji yamepungua au hajala. Choo cha majimaji chenye wadudu wasiosagika kwa mnyama anayekula vizuri kinaelekeza kwenye vimelea. Minyoo midogo kwa idadi ndogo ni kawaida, na si lazima itibiwe; ikizidi humnyonya. Koksidia, vimelea vingine vidogo vya utumboni, hutibika. Wa kuogopwa ni kriptosporidiamu, ambaye hushambulia utumbo mpaka chakula kipite bila kufyonzwa. Ndiye chanzo cha ule mkia unaobaki mfupa na ngozi huku mnyama akila.

Chukua choo kilichotoka ndani ya saa 24, kikiwa bado kibichi, ukiweke kwenye kikopo safi kilichofungwa na kukihifadhi kwenye friji, mbali na vyakula vyenu. Kilichokauka hakifai. Maabara ikikichunguza kwa darubini tu inaweza kumkosa kriptosporidiamu; omba kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kimelea. Majibu yakitoka safi na dalili zinaendelea, rudia, kwa maana kimelea hiki hakitoki kwenye choo kila siku.

Tukiambizana ukweli, hakuna dawa ya kuaminika ya kukiondoa kabisa. Daktari anaweza kupunguza makali, na kwa geko aliyefika hali mbaya atakushauri kumpumzisha bila maumivu. Wakati unasubiri majibu, tandika karatasi za jikoni badala ya udongo au mchanga, uzibadilishe kila choo kinapotoka. Koleo, kibakuli na pango la geko huyu visiguse tangi jingine, na umhudumie wa mwisho baada ya wengine wote, kisha uoshe mikono kwa sabuni. Dawa ya klorini ya nyumbani haiui mayai ya kimelea hiki. Vyombo vinavyovumilia vichemshwe, mbao na magogo yatupwe. Geko mpya yeyote akae chumba kingine siku 60 hadi 90 kabla hajasogezwa karibu na wenzake.

SWALI: Majike wawili, tangi moja kubwa, mapango mawili, hawajawahi kupigana. Mmoja kanona, mwingine kakonda. Tatizo nini?

JIBU: Tatizo ni huyo aliyenona. Geko chui hawapigani kwa kelele: mmoja hulala kwenye pango la joto, mwenzake hubaki upande wa baridi, hasagi chakula, na kwenye kulisha hufika wa pili. Watenganishe leo, hata kwa sanduku la plastiki lenye matundu ya hewa, pedi na thamostati yake. Kipimo cha choo kifanyike kwa wote wawili. Kama mmoja ni dume, haraka ni zaidi, kwa sababu jike hutaga mayai mawili mawili mara kadhaa kwa msimu na kila jozi hutolewa kwenye akiba ya mkia na kalsiamu ya mifupa.

SWALI: Nimesikia viwavi wa nta ndio wanaonenepesha. Nimempa mwezi mzima, sasa hataki kitu kingine.

JIBU: Wananenepesha kweli: karibu robo ya uzito wa kiwavi wa nta ni mafuta, wakati nyenje hafiki asilimia 10. Ila kalsiamu yake ni kidogo mno, na geko huyapenda mafuta hayo mpaka kususa vingine vyote, kama ulivyojionea. Anapata mkia huku mifupa ikilainika. Wawe wawili kwa wiki, baada ya mlo halisi.

Kumwachisha kunategemea hali yake. Geko mzima aliyejaa anaweza kuachwa siku saba hadi kumi bila viwavi mpaka njaa imshawishi. Aliyekonda hana nafasi hiyo. Kwake, mpasue kiwavi mmoja, mpakaze nyenje au mende majimaji yake, halafu mtikise huyo mdudu kwa koleo mbele ya pua. Siku ya pili paka kidogo zaidi ya nusu, na uendelee kupunguza. Ukitumia koleo la chuma, funika ncha kwa mpira. Geko akilirukia vibaya huumiza taya.

SWALI: Hajala wiki tatu, amelegea. Nimfungue mdomo nimpe yai lililopondwa?

JIBU: Yai, matunda na uji wa mtoto si chakula cha mnyama anayekula wadudu tu, na taya la geko lililokosa kalsiamu huvunjika kwa kulazimishwa. Upo unga maalumu wa kuwarudishia nguvu watambaazi wanaokula nyama na wadudu, daktari atakupatia. Unakorogwa na maji ya uvuguvugu hadi uwe mzito wa kudondoka, unawekwa kwenye bomba dogo lisilo na sindano, na tone linagusishwa ncha ya mdomo. Geko hulilamba mwenyewe. Kwa mnyama wa gramu 40, nusu mililita kwa mlo inatosha kuanzia. Asipolamba, acha, kumsukumia kooni huingiza chakula kwenye mapafu.

Kabla ya hayo yote, utumbo uhakikishwe haujaziba, hasa kama tangi lina mchanga. Tumbo lililovimba, kujikamua bila choo kutoka, au doa jeusi bluu chini ya ngozi ya tumbo ni mambo ya picha ya eksirei. Ukimlisha juu ya kizibo unamuua.

Na mwangalie macho kwa tochi kutoka ubavuni. Ngozi ya zamani ikibaki chini ya kope baada ya kujichuna, geko hamwoni mdudu, humrukia akamkosa, na baada ya siku chache huacha kujaribu. Usiitoe kwa kibano. Muweke dakika 20 kwenye kikopo chenye kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, kifuniko kikiwa na matundu, kisha mtengenezee tangini pango la unyevu lenye kuvumwani kibichi. Ngozi isipoachia baada ya majaribio mawili, aende kwa daktari siku hiyo hiyo aliyopangiwa kwa ajili ya njaa.