Ngumi zitamtuliza kijana mkorofi? Mtazame kwanza mwalimu wake

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kumpeleka klabu ya ngumi mdogo wako, ambaye haishi ugomvi mtaani, kutamtuliza au kutamwongezea ubabe. Nilifanya mazoezi kwa miaka mingi Manzese, kisha nikawa msaidizi wa mwalimu wetu, na nilichokiona ni kwamba anayembadilisha kijana ni mwalimu, tena kwa yale anayomkatalia kuliko yale anayomfundisha.

Tulimpokea kijana mmoja aliyefukuzwa shule na aliyekwisha kulala mahabusu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, na kocha mwenye njaa angemtafutia upesi pambano la kulipwa ili apate fungu lake. Mzee wetu, yule mwalimu, alimpa kamba ya kuruka na mazoezi ya miguu. Kijana alipompiga kondakta wa daladala kwa sababu ya chenji, mzee hakumfukuza; alimvua glovu na kumkabidhi watoto wanaoanza, awafunge bandeji na kuwashikia pedi za kupigia ngumi, mpaka atakapokwenda kumwomba radhi kondakta yule. Alinuna, akatoweka, na mzee akaenda kwao Tandale kumuulizia kwa mama yake. Naamini safari ile ndiyo iliyomrudisha, kwa kuwa hakuwa amezoea kutafutwa na mtu mwingine zaidi ya polisi.

Hasira nayo haikutibiwa kwa mahubiri. Bondia aliyekasirika hukaza mabega, hubana pumzi na kuchoka mapema, kwa hiyo mzee alimpambanisha mazoezini na bondia mwepesi ambaye alimkwepa tu mpaka kijana akashindwa kuinua mikono. Tangu hapo kujizuia kulikuwa kwake mbinu ya ushindi, na nionavyo mimi, kijana wa aina hiyo huelewa hivyo kwanza, adabu ikafuata baadaye.

Mchangiaji mmoja hapo juu amemtaja bondia Mike Tyson, akidai kwamba aliharibikiwa kwa sababu kocha wake alifariki. Ni kweli kocha huyo, Cus D'Amato, alimpokea alipotoka shule ya marekebisho ya tabia, akawa mlezi wake kisheria, na akafariki Novemba 1985, mwaka mmoja kabla Tyson hajatwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 20. Hata hivyo, sikubali kwamba kifo hicho peke yake ndicho kinachoeleza yote yaliyofuata, hadi hukumu ya ubakaji ya mwaka 1992. Teddy Atlas, aliyekuwa msaidizi wa D'Amato, amelalamika hadharani kwamba mzee huyo alimfumbia macho Tyson alipokosa kwa sababu alimwona bingwa ajaye.

Basi kabla hujalipa ada, nenda jioni moja ukakae pembeni, utazame kocha anafanya nini bondia wake bora anaporusha konde baada ya kengele. Uliza pia kama vijana wake hukodishwa kutisha wadaiwa au kupiga watu kwenye baa. Ukisikia hivyo, mtafutie mdogo wako klabu nyingine.